Mbwa Anataka Kutoka

Ruiru, 8 Machi 1953

Kaka yangu Urbanus,

Nakusalimu wewe na mama Kilonzo na watoto wa nyumba yako, na binti yangu Kanini umsalimie kwa kumshika kichwa, ajue ni mimi. Tangu umchukue akasome huko Thika, chumba changu kimekuwa kikubwa sana. Mwaitu, mama yetu, ameleta habari kutoka Matungulu kwamba goti bado linamsumbua, lakini ng'ombe amezaa, kwa hiyo goti limesahauliwa kidogo. Naandika Kiswahili kama ulivyonishauri, maana barua za lugha yetu zinalala sana huko zinakofunguliwa kusomwa.

Sasa jambo lenyewe. Memsahibu ameleta mtoto wa mbwa kutoka Nairobi. Anaitwa Rasti. Ni mwekundu kama udongo wa hapa, na masikio yake ni marefu hata yanaingia majini akinywa. Memsahibu anasema atakaa ndani. Si barazani, Urbanus. Ndani, juu ya zulia. Na mimi binti Mbaluka nimepewa kazi ya kumfundisha asikojoe humo. "Akichafua zulia langu baada ya Pasaka," ameniambia, "wewe na yeye mtalala nje."

Zacharia Ndung'u, yule mpishi aliyenibeba mgongoni hadi kwa daktari nilipougua malaria, alinishauri nimsugue pua kwenye mkojo wake. Nikamsugua. Unajua alijifunza nini? Alijifunza kunificha. Akawa anakojoa nyuma ya viti, na nikiingia analala chali akitetemeka. Niliona haya mbele ya mtoto wa mbwa.

Nimebadili njia. Akiamka namtoa, akila namtoa, akianza kuzunguka na kunusa chini namtoa mbio. Mahali ni pale pale, chini ya mlimao nje ya mlango wa jikoni, na neno ni lile lile: "Haya." Akimaliza nampa kipande cha mkate na kumsifu kama bwana harusi. Akikosea ndani, nafuta tu na siki, nanyamaza.

Usinicheke.

Dadako,
Mbithe


Thika, 29 Machi 1953

Dada Mbithe,

Nimecheka. Nimecheka mpaka mama Kilonzo akaja kuuliza nani amekufa.

Sote tu wazima. Kanini amekuwa wa tatu darasani, na mwalimu wake anasema angekuwa wa kwanza kama angefunga mdomo. Mama Kilonzo anakohoa lakini ni vumbi tu. Kazi kiwandani inaendelea, mananasi hayajui kwamba kuna Hali ya Hatari. Hapa Majengo, majirani zetu wa upande wa kulia walichukuliwa wote asubuhi moja, baba, mama na mkwe, wakapandishwa lori. Kuku wao wanazunguka tu. Tunawalisha sisi.

Sasa huyo Rasti. Mbwa wa baba yetu alizaliwa nje, akanya nje, akafa nje, na hakuna aliyempa mkate. Na dada yangu, aliyesoma mpaka darasa la nne, anamwambia mbwa "Haya" chini ya mlimao! Lakini fanya, mwana wa mama. Kazi ni kazi. Nyumba zenye mkate siku hizi ni chache.

Niandikie anavyoendelea. Tunahitaji kucheka huku.

Kakako,
Urbanus


Ruiru, 19 Aprili 1953

Kaka Urbanus,

Salamu zangu ziwafikie mkiwa mmekaa vizuri. Pole kwa majirani. Mwambie mama Kilonzo achemshe majani ya mpera kwa kile kikohozi. Shangazi wa Juja alipita hapa, amenenepa, anasema ni huzuni.

Pasaka imepita na zulia ni kavu! Rasti ameelewa. Sasa yeye mwenyewe akibanwa anakwenda kwenye mlango wa jikoni, anaukwaruza kwa mguu mmoja, kisha ananiangalia. Memsahibu alimwita mumewe aje aone. Bwana alisema, "Mbithe, umeshinda shule nyingi."

Nyumba hii imebadilika, kaka. Jua likizama, madirisha na milango yote inafungwa kwa vyuma. Wanakula na bastola mezani, moja kando ya mkate na moja kando ya chumvi, na mimi napitisha sahani katikati. Zacharia, kwa kuwa ni Mkikuyu, akishapika anatolewa nje kabla ya giza, haruhusiwi kurudi mpaka asubuhi, na amekaa nao tangu memsahibu alipokuja akiwa bibi harusi. Mimi Mkamba naachwa mpaka vyombo viishe. Nikimpa Zacharia chakula chake dirishani hatuangaliani.

Mlango mmoja tu ndio unafunguliwa baada ya giza, ule wa jikoni, na unafunguliwa kwa ajili ya mbwa. Rasti anabanwa kila wanapoanza supu. Bwana anasema, "Mbithe, mbwa anataka kutoka," nami natoa komeo. Fikiria: watu wazima tumefungwa, na mbwa ndiye mwenye ruhusa.

Mbusu Kanini.

Mbithe


Thika, 24 Mei 1953

Mbithe,

Hatujambo. Kanini hajambo. Samahani nimekawia.

Barua yako niliisomea watu waliokuwa hapa kwangu Jumapili, maana ile ya kwanza walikuwa wameipenda. Walicheka sana kwa yale ya supu. Kuna mtu mmoja anaitwa Kagwe, amehamia chumba cha wale majirani waliochukuliwa. Ni mtu mpole, haongei sana. Yeye hakucheka. Aliniomba nirudie kusoma mahali palipohusu mlango.

Anapenda mbwa. Anauliza, huyo Rasti akitoka jioni, wewe unamfuata mpaka mlimaoni au unamngoja mlangoni? Na akiona mtu asiyemjua, anabweka au anatikisa mkia?

Ni kuuliza tu. Nijibu ukipata nafasi.

Urbanus


Ruiru, 14 Juni 1953

Kaka yangu,

Nakusalimu sana, na nakusalimu tena, maana katika barua yako salamu zilikuwa fupi kama za mtu aliyesimama. Mwaitu ni mzima. Mtama umeshika. Shangazi wa Juja ameota kuhusu baba yetu. Anasema alikuwa amesimama na hakutaka kukaa.

Uliniuliza kuhusu mbwa. Mbwa hajambo.

Huyo Kagwe ni wa wapi? Kwao ni wapi? Hukuniambia anafanya kazi gani.

Shule zikifungwa mlete Kanini kwangu. Memsahibu amekubali. Nataka kumshona nguo, na nguo haishonwi kwa barua.

Mbithe


Thika, 5 Julai 1953

Mbithe,

Huku ni wazima. Mama Kilonzo bado anakohoa.

Kanini hawezi kuja sasa. Barabara ina vizuizi vingi, na watu hapa wamemzoea. Kagwe mwenyewe humpokea shuleni kila siku na kumbebea vitabu. Anamwambia hadithi njiani. Juzi alimchongea mbwa wa mti, akamuuliza, "Mamako anamwitaje wake?" Kanini alifurahi sana.

Uliuliza kwao ni wapi. Kwao ni hapo ulipo. Babake alizikwa mahali ambapo sasa pamepandwa kahawa ya bwana wako, na yeye akiwa mtoto alichunga mbuzi pale kwenye mlimao wako, kabla haujawa mlimao.

Mwana wa mama, jibu lile swali la mbwa. Ni jambo dogo. Ukilijibu mambo yote yatakuwa mepesi, hata safari ya Kanini.

Urbanus


Ruiru, 12 Julai 1953

Kaka,

Salamu kwa wote.

Mbwa anatoka wanapoanza supu. Simfuati. Nasimama mlangoni, mlango uko wazi, taa ya jikoni iko nyuma yangu. Anakaa mlimaoni mpaka nimwite. Habweki mtu akimpa mfupa. Nimejibu kila kitu na sikuongeza kitu.

Magdalene wa kanisani kwenu, yule anayepita huku kuuza ndizi, atakuja kwako Jumamosi. Mpe Kanini na nguo zake zote. Zote, Urbanus, hata zile zisizomtosha.

Mbithe


Thika, 9 Agosti 1953

Dada,

Magdalene ameniambia Kanini alifika salama. Kitanda chake bado hatujakitoa.

Nimepata habari kwamba shangazi wa Juja ni mgonjwa sana. Anakuita. Omba ruhusa uende kumwona Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, uende mchana, na ulale huko. Usikose. Mwachie mtu mwingine kazi ya mbwa siku hiyo.

Usikose, Mbithe. Nakuomba kama ninavyoomba mbele ya Mungu.

Urbanus


Ruiru, 6 Septemba 1953

Urbanus,

Barua hii haipiti posta. Magdalene atakupa mkononi, ukiisha kuisoma iweke jikoni, motoni.

Kanini yuko kwa Mwaitu. Shangazi wa Juja si mgonjwa, nilimwona siku tatu kabla akipura maharagwe. Nilielewa uliponiandikia. Nilikuwa nimeelewa tangu ulipoandika kuhusu vitabu vya mtoto.

Ningeweza kumwambia memsahibu. Mara mbili nilifungua mdomo. Lakini angeniuliza, "Umejuaje?" na jibu ni jina lako, na wewe unajua siku hizi mtu akitajwa hivyo anapelekwa wapi. Kwa hiyo nilikwenda kwa mbwa.

Siku ile ile niliyokuandikia majibu, nilianza kumfundisha upya. Nilimwambia memsahibu chui amesikika mtoni, na chui hupenda nyama ya mbwa. Akaogopa, akanipa chumba cha kufulia na sanduku la mbao. Nilitia mchanga. Nilidhani itakuwa rahisi. Kaka, hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama hiyo. Nilikuwa nimemfundisha kwamba sakafu ni mwiko, na sasa mtu yule yule anamweka juu ya sakafu anamwambia "Haya". Alinitazama. Alijikaza mchana kutwa, tumbo likawa gumu kama ngoma, akalia, akakataa mkate. Nilipomwacha aende mlangoni akakwaruza, nikamrudisha. Akalala chali akitetemeka, kama zile siku nilizomsugua pua.

Mwishowe nilikwenda mlimaoni na karai, nikachimba ule udongo wenyewe, uliolowa mkojo wake, nikauleta nikaumwaga juu ya mchanga. Akaunusa muda mrefu, akaukojolea. Nilikaa chini pale nikalia. Tangu hapo kila jioni ilikuwa sandukuni, na mlango haukufunguliwa tena. Zacharia peke yake aliuliza. Alisema kupitia dirisha, "Mbithe, mbona mbwa hatoki siku hizi?" Nikamwambia chui. Akasema, "Mimi nimezaliwa hapa, huu si mto wa chui." Kisha akachukua sahani yake akaenda. Nilimwambia Jumamosi hiyo ajifungie mapema. Hakuuliza kwa nini.

Jumamosi ikafika. Sikwenda Juja. Waliketi, nikaleta supu. Rasti alikuwa ametoka sandukuni muda si mrefu. Lakini aliinua kichwa, nywele za mgongo zikasimama, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni. Akaukwaruza. Akanusa chini ya mlango, akaukwaruza tena, na mkia wake, Urbanus, ulikuwa unatikisika. Huko nje kulikuwa na mfupa.

Bwana akasema kutoka mezani, "Mbithe, mbwa anataka kutoka."

Nikasema, "Bwana, ameshakwenda haja. Anacheza tu."

"Si umesikia anavyolia?" Akainuka. Bwana ni mtu anayempenda yule mbwa. Alikuja na kitambaa cha mezani bado shingoni, bastola akaiacha pale kando ya chumvi, akaweka mkono kwenye komeo.

Nilisimama kati yake na mlango. Miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kumzuia njia. Nikasema, "Bwana, chui."

Akanitazama usoni. Sijui aliona nini, lakini mkono wake ulishuka pole pole. Nilimwinua Rasti, akiwa mzito, akijinyonganyonga, nikampeleka chumba cha kufulia, nikamweka sandukuni. Nikamwambia, "Haya." Hakuwa na kitu tumboni. Akachuchumaa tu kwa kunitii.

Nje, mtu alikohoa mara moja. Kisha sikusikia kitu tena.

Asubuhi nyasi za mlimaoni zilikuwa zimelala kwa nyayo nyingi, na mfupa wa ng'ombe uko pale, mbichi. Nyayo zilipita mbele ya mlango wa Zacharia, maana hakuna njia nyingine ya kufika kahawani. Askari walikuja. Mimi hawakuniuliza hata jina. Walisoma kipande cha Zacharia, kile cha kitambulisho, wakaona yeye ni kabila gani, wakamfunga mikono. Memsahibu alilia lakini hakumtetea. Alipopandishwa lori Zacharia alinitafuta kwa macho, akanipata, na mimi nikatazama chini.

Urbanus, mtu huyu hajui lolote. Wanasema anapigwa ili ataje aliyewaambia habari za mlango. Analo jina gani la kutaja? Wewe unalo, na mimi ninalo.

Sitakuambia la kufanya. Wewe ni mkubwa wangu.

Mbithe


Thika, 13 Septemba 1953

Mwana wa mama,

Nampa Magdalene hii.

Nimeisoma yako na nimeichoma, lakini haijaondoka.

Mwezi wa Aprili watu wa msituni waliniita kwenye nyumba moja nyuma ya kiwanda. Nilidhani ni mambo ya chama cha wafanyakazi. Nilikula kitu ambacho siwezi kukitapika, na nilisema maneno ya kiapo ambayo yanasema nife nikiyageuka. Sikukuambia kwa sababu ungekuja, na ungekuja wangekuona. Sikudhani barua ya kuchekesha ingeweza kumfikisha mtu mlangoni. Niliisoma kwa kujivunia, Mbithe. Nilitaka wajue nina dada mwerevu.

Kagwe si mnyama. Aliponieleza kuhusu kaburi la babake na trekta iliyolilima, sikumlaumu, maana ningekuwa mimi sijui ningefanya nini. Lakini alipomshika Kanini mkono pale shuleni nilimwogopa, na woga ukaniandikia zile barua. Hiyo ndiyo kweli, wala sina nyingine nzuri zaidi. Jumamosi ile hakurudi chumbani kwake, na hajarudi tena. Hapa mtaani wanasema siri ya mlango iliuzwa, na wananitazama mimi.

Kwa hiyo niko katikati ya watu wa upande huu na watu wa upande ule, na Zacharia wako yuko ndani kwa ajili ya mdomo wangu. Kesho asubuhi nakwenda mwenyewe polisi. Nitasema mimi ndiye niliyeuliza na mimi ndiye niliyesema. Nitasema uliandika kuhusu mbwa kama mtu yeyote anavyoandika kuhusu kazi yake, na hukujua kitu. Ukiulizwa, hukujua kitu. Nisikie.

Mama Kilonzo na watoto wanaondoka leo kwenda Matungulu. Kikohozi si vumbi, nilikuwa nadanganya. Mtazameni.

Urbanus


Ruiru, 17 Januari 1954

Kwa Urbanus Mbaluka, kambini, kizuizini

Kaka yangu,

Sijui kama utapewa hii. Nimeandika mbili kabla yake na hazikujibiwa, na karani wa posta aliniambia nijaribu tena mwaka mpya. Basi nakusalimu kwa mwaka mpya. Mwaitu anatembea. Mama Kilonzo amelazwa katika hospitali ya wamisheni na anakula. Kilonzo amekuwa mrefu, anavaa koti lako na hataki livuliwe. Kanini anasoma Matungulu. Hazungumzi darasani tena, na mwalimu anamsifu kwa hilo. Mimi simsifu.

Bwana na memsahibu wanauza shamba. Wataondoka baada ya mavuno, na Rasti wanakwenda naye. Mimi nitarudi nyumbani.

Zacharia Ndung'u ameachiliwa. Alikuja juzi kwa miguu kutoka barabara kuu, akasimama nje ya dirisha la jikoni, pale pale alipokuwa akipokea chakula. Mkono wa kulia haufungi tena, vidole vimebaki wazi kama vya mtu anayeomba. Nilimpa chai. Alikishika kikombe kwa mkono wa kushoto, akanywa yote.

Kisha akaniuliza, "Mbithe, walisema kuna mtu alikwenda mwenyewe, ndipo wakaniacha. Ni nani?"

Ulinikataza kujua kitu. Lakini nilikuwa nimeshamtazama mtu huyu nikatazama chini mara moja, na sikuweza mara ya pili. Nikamwambia, "Ni kaka yangu. Yeye ndiye aliyesema habari za mlango, na yeye ndiye aliyekwenda."

Hakushtuka. Alirudisha kikombe dirishani, akageuka kuutazama mlimao. Nikamwambia, "Zacharia, nisemeshe, hata kwa matusi."

Akasema, "Yuko kambi gani?"

Nikamtajia.

Akasema, "Ukimwandikia, mwambie nimerudi."

Akaondoka kupitia kahawani, hakugeuka. Sauti yake nimeitafuta kichwani siku zote hizi, nijue aliyasema kwa wema au kwa jambo lingine, na siwezi kujua. Nimekuandikia maneno yenyewe kama alivyoyasema.

Dadako,
Mbithe